Rafu Isiyo Yake

Nilipokuwa mkutubi katika chuo kimoja cha Kakamega, miaka ya tisini, nilikuwa na sentensi moja niliyowaambia wanafunzi na wahadhiri tena na tena mpaka wakaichoka: kitabu kikiwekwa rafu isiyo yake, kimepotea sawa na kilichoibwa.

Mhadhiri mmoja aliipenda. Katika mafunzo yangu ya kutumia maktaba alikaa mbele, akauliza maswali, na baadaye akawa rafiki wa kuja nyumbani kwangu mtaani Shieywe kula ingokho, kuku wa kienyeji, Jumapili. Kitabu pekee cha somo lake kilipotoweka, tulikitafuta pamoja rafu kwa rafu. Alinipa pole, tena kwa sauti ya msibani.

Muhula uliofuata niliwatuma wanafunzi wake watafute vitabu kwa kufuata namba za kwenye kadi za katalogi. Msichana niliyemtuma kutafuta kitabu cha magonjwa ya ng'ombe akarudi na kile kilichopotea. Kilikuwa kimesukumwa nyuma ya vitabu vya mifugo. Alikifungua, akasoma kidogo, kisha akatoa daftari lake. Noti alizowasomea mhadhiri wao zilikuwa humo zote, neno kwa neno, hata mifano aliyodai ni ya kijijini kwao.

Nilimwendea ofisini kwa hasira. Nilimkumbuka alivyopiga magoti nami chini ya rafu zile, akipangusa vumbi, huku akijua.

Hakukana. Alinivutia kiti.

"Madam, mimi siwezi kuiba kitabu," alisema. "Nilikiweka tu kwa rafu isiyo yake, vile ulitufundisha."