Siku Niliyomkimbia Baba Mkwe kwa Nyonga ya Muda

Jamani, kuna aibu nimeitunza miaka mingi, na mume wangu (Mungu amlaze pema) alikufa bado anaicheka, basi na nyie ichekeni tu, maana walioiona kwa macho wamebaki wachache.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, mimi mwalimu wa shule ya msingi Mbeya, nikaenda Rujewa kufuata mchele, na lori tulilopanda kurudi likapinduka. Nyonga ikavunjika. Daktari Mzungu wa hospitali moja ya misheni Iringa akaniwekea nyonga ya chuma, nikatembea kwa maringo miezi minne, kisha pakaanza kutoa usaha, akaitoa. Kwenye nafasi ile akaniwekea nyonga ya muda, aliyoitengeneza kwa mikono yake kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu (nesi Leokadia, Mhehe mmoja asiyejua kunyamaza, aliniambia daktari aliikanda kama unga wa maandazi). Kazi yake ilikuwa kushika nafasi na kutoa dawa polepole mpaka ndani pakauke, ndipo niwekewe ya kudumu. Nilikatazwa kuukanyagia mguu ule, nilikatazwa kuchuchumaa, na niliambiwa wazi kwamba nikiharibu na usaha ukarudi, huenda nisitembee tena sawasawa. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili.

Jumapili hiyo, saa za kutazama wagonjwa, nimekaa kwenye benchi uani naota jua (baridi ya Iringa mnaijua), kwaya ya kanisani inatuimbia, na mama wa kitanda cha jirani akaniomba magongo yangu aende msalani mara moja. Nikampa. Hajapotea kwenye kona, namwona baba mkwe anaingia getini na mkungu wa ndizi begani.

Sasa lazima niwaeleze. Kwetu Wanyakyusa, zamani zile, mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, akimwona njiani anaacha njia na kujificha. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa, watoto wawili, na baba yule nilimjua kwa kofia na mwendo tu. Unaweza kusema, wewe mwalimu mzima, cheti ukutani, unakimbia nini? Basi cheti nilikisahau, na mguu nikausahau.

Nikaruka. Hatua ya kwanza, ya pili, nikafika kwenye kamba ya shuka, nikajibanza nyuma yake, upepo ukaja ukazipeperusha zote nikabaki peupe, na jirani kulikuwa na tenga kubwa la nguo za kufua, nikaingia humo na kuchuchumaa, yaani kile kile nilichokatazwa. Nyonga ikalia kap. Maumivu yale siwezi kuyasimulia. Tenga likapinduka na mimi ndani, likabiringika mpaka mbele ya kwaya, shuka imenifunika kichwa, miguu iko nje. Sauti ya kwanza wakanyamaza, besi wakaendelea ubeti mzima peke yao.

Baba mkwe naye alikuwa ameshika mila. Aligeukia ukuta, kofia usoni, mkungu bado begani, na kutoka huko akawa anaamuru watu wanitazame mguu. Leokadia akaleta machela, wahudumu wamekwenda kula, wanakwaya wawili wakashika kiuno na miguu, wengine wakaogopa kunigusa, akakosekana wa kunishika mabega.

"Baba," Leokadia akamwambia, "mguu wa huyu dada umetoka mahali pake. Uje umshike, au uendelee kutazama ukuta."

Kisha nikasikia mkungu unatuliwa chini, na mikono migumu ikanishika mabega. Nikajivutia shuka usoni na kufumba macho.

"Mwanangu, fungua macho," alisema. "Nimetoka Tukuyu kuja kuuliza mlangoni kama u mzima. Sikuja kukuvunja."

Nikaishusha shuka, nikafungua. Ulikuwa uso wa mume wangu kabisa, umezeeka tu, na ulikuwa unalia machozi.

Ile saruji ilikuwa imepasuka. Daktari aliuliza mara mbili nani alikuwa ananifukuza, Leokadia akashindwa kumweleza kwa kucheka, na mimi nikaomba ardhi ipasuke. Nikatengenezewa nyonga nyingine ya muda, nikangoja miezi mitatu zaidi, na kila usiku nikiomba usaha usirudi. Haukurudi. Nikapata ya kudumu, nikarudi darasani.

Lakini ile miezi mitatu, mnaweza msiamini, ndiyo ninayoikumbuka kwa hamu. Kila mwezi mzee alipanda basi mpaka Iringa, akakaa nami kwenye benchi, akanisimulia utundu wa mume wangu utotoni, mambo ambayo mwenyewe asingeniambia. Sasa wote wawili hawapo, na nawakumbuka mno. Niliapa sitamkimbia tena mtu aliyekuja kunijulia hali, na wake za wanangu nimewakataza kunipisha njia. Miaka ile yote nilijificha ili kumheshimu, na mzee wa watu alitaka tu kujua nimeamkaje.