Maziwa Yasiyoonjwa

Mimi nauza maziwa ya moto, na sitajificha nyuma ya unyenyekevu: hakuna maziwa yanayofikia yangu pale nyuma ya soko, hapa Bunia. Nayachemsha mpaka yafure mara mbili, natia tangawizi ya kuponda, nachuja kwa kitambaa cheupe ninachokifua mwenyewe kila jioni. Nilikuwa nafanya hivyo kabla serikali haijakumbuka kwamba maziwa yana vijidudu. Kwa hiyo watu wa ijiene, wale wanaokagua usafi wa vyakula, walipoanza kupita na megafoni wakitangaza amri mpya, mimi sikushtuka. Nilikunja mikono nikasikiliza nikitabasamu.

Amri zilikuwa nyingi. Maziwa yasiletwe tena katika bidoni za plastiki, yale madumu yaliyowahi kubeba mafuta, yaje katika bidoni za chuma zenye mdomo mpana, mkono uweze kuingia na kusugua mpaka chini. Sufuria iwe na kifuniko. Muuzaji avae tablie, yaani aproni, afunge kichwa, akate kucha. Ndoo yenye robine, kibomba cha kufungulia maji, iwe mbele ya wateja pamoja na sabuni, na hilo sisi wa Bunia hatuhitaji kufundishwa, Ebola ilishatufundisha kwa fimbo. Wauza mandazi waache kupuliza sashe, zile mifuko ndogo za plastiki, kwa mdomo ili zifunguke. Hapo nilicheka kwa sauti, maana jirani yangu wa mandazi alikuwa ameshika sashe mdomoni saa hiyohiyo, mashavu yamejaa pumzi, na hakujua aimeze au aitoe.

Halafu yule wa megafoni akaendelea: "Ni marufuku muuzaji kuweka mdomo kwenye gobele ya mteja."

Gobele ni kikombe. Kicheko kikanikauka.

Ambaye hajaishi huku anaweza kuuliza, kwani muuzaji anatafuta nini kwenye kikombe cha mteja? Anaonja. Huku kwetu mtu hapewi kinywaji hivihivi. Anayekupa anakunywa kwanza funda moja mbele ya macho yako, kutoka kikombe kilekile, ndipo anakukabidhi. Nyumbani kwa shangazi ni hivyo, kwenye matanga ni hivyo, kwenye pombe ya ndizi ni hivyo. Hatuelezani sababu, lakini kila mtu anaijua: watu wanaogopa sumu. Wanasema inafichwa chini ya ukucha, kidogo tu, na ukucha unachovywa kwenye kinywaji huku mwenye ukucha anakuuliza habari za watoto. Miaka ya vita ilizidisha woga huo. Mtu akikupa kinywaji bila kuonja, unakiweka chini taratibu na unakumbuka kwamba una shughuli mahali.

Na mimi sikuzaliwa hapa. Nilitoka Butembo na mume wangu na mafurushi yetu juu ya lori, tukalala Komanda kwa sababu ya njia mbovu, tukafika Bunia hatumjui mtu. Mgeni, halafu anauza kinywaji! Mwanzoni maziwa yalinipoa sufuriani huku watu wakipita na kunitazama kwa pembe ya jicho. Kilichoniingiza katika mji huu ni hilo funda moja. Nilionja mbele ya wamotari, wale wa pikipiki za abiria. Nilionja mbele ya wachimba dhahabu, Waislamu kwa Wakristo, wametoka machimboni na udongo masikioni. Nilionja mpaka mume wangu akawa ananiuliza jioni kama tumbo langu bado lina nafasi ya chakula. Watu wakaona nakunywa, na kesho yake wakaona nimeamka. Ndivyo walivyonizoea. Sasa amri ilikuwa inaniondolea funda hilo, na bila hilo mimi ningekuwa nani tena? Mama wa Butembo mwenye sufuria, basi.

Wa kwanza kunipima alikuwa mama wa samaki. Huyu anauza samaki wa moshi kutoka Tchomia, na huko ziwani ndiko alikozaliwa. Meza yake iko ng'ambo ya njia, na ulimi wake huvuka njia kabla yake. Ni mnene, ana kicheko cha kuamsha watoto waliolala, na kila asubuhi ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Aliniita bokilo, yaani mkwe, kwa mzaha tu, akidai mwanawe ataoa binti yangu nitake nisitake.

Asubuhi ya kwanza baada ya tangazo nilimchotea, nikampa. Akapokea, akanitazama.

"Bokilo, juu ya nini hauonje?"

"Wamekataza. Haukusikia megafoni?"

"Nilisikia. Walikataza na kupuliza sashe, na mwenzako ule pale anapuliza."

"Mimi siko ule. Mimi nafuata sheria."

"Aya. Basi sheria ikunywe."

Akacheka peke yake. Hakunywa. Akaiweka gobele pembeni ya sufuria, taratibu kabisa, akasema samaki wake wanamngoja. Samaki waliokufa wakakaushwa kwa moshi, eti wanamngoja! Alivuka njia na mimi nikabaki na kikombe chake kinatoa mvuke. Niliumia. Sitafuti neno lingine, niliumia, kwa sababu kila mtu aliona. Mmotari mmoja aliyekuwa ameshanyosha mkono aliurudisha mfukoni. Mpaka jua linakuwa kali maziwa yalikuwa yameweka utando, hakuna mtu kwenye benchi langu.

Nyumbani tuliyanywa sisi, na paka wa jirani akapata yake. Mume wangu akasema kwa ule upole wake unaoniudhi, "Onja tu kwa siri. Nani atakuona?"

"Weye! Nikionja kwa siri, inasaidia nani?"

Akafikiri, akacheka, akakubali kwamba haisaidii mtu.

Kuna watu hasira huwafumba macho. Mimi hunifumbua. Kesho yake nilikwenda na gobele yangu mwenyewe, nyekundu, nikachota kwenye sufuria mbele ya wote, nikanywa. "Haya! Mumeona?" Mama wa samaki akapaza sauti kutoka kwake: "Bokilo, sumu haikae mu sufuria! Inakaa mu ukucha!" Watu wakaangua kicheko. Nikainua mikono yote miwili juu, kucha nimezikata mpaka nyama. "Ukucha iko wapi? Ukuye uitafute!" Wakacheka zaidi, na hakuna aliyenunua.

Asubuhi iliyofuata nilipanga gobele zote juu ya sinia, zimeoshwa, zimepinduliwa. Sikugusa upawa. Nikamchagua mmotari mwenye shaka kuliko wenzake wote, huyu hata mabaki ya pesa huyahesabu mara mbili, nikamwita.

"Kuya. Nawa mikono kwanza. Chagua gobele yoyote, chota weye mwenyewe, unipe mimi."

Alidhani natania. Nikamkazia macho mpaka akanawa, akachagua, akachota, akanipa. Nikanywa yote palepale, moto vilevile, machozi yakanitoka, nikaipindua gobele wote waone halikubaki hata tone. Kisha nikamwambia achague nyingine, achote ya kwake. Amri inasema mdomo wangu usiguse gobele ya mteja. Haisemi mteja asinichagulie yangu. "Nani mwingine anataka kuniunguza?" niliuliza, na hapo benchi likajaa.

Ikawa desturi. Kila asubuhi kabla ya biashara mtu mmoja ananichagulia gobele na kuninywesha mbele ya wenzake, nao wanagombania zamu. Wachimba dhahabu ndio wabaya, hujaza mpaka juu. Watu wa ijiene wakipita waliniona, wakanung'unika kidogo, hawakupata la kunikamatia. Nasema wazi, nilijivunia. Nani mwingine sokoni aliweza kutii amri na kubaki na wateja wake?

Lakini mama wa samaki hakurudi. Alinisalimia, alinitania kutoka ng'ambo kama kawaida, ila kuvuka njia hakuvuka. Benchi lilikuwa limejaa na mimi bado naangalia meza yake. Niliona kama mji umenipokea nusu, na nusu nyingine imekaa kule na samaki.

Ndipo chefu wa ijiene, mkubwa wao, akaja kukagua mwenyewe, na maajenti wake wawili. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba atakayekutwa hafai anaondolewa mahali pake. Akafunua kifuniko. Akafungua robine. Akaingiza mkono kwenye bidoni ya chuma, akaunusa. Akatazama vidole vyangu kimoja kimoja. "Mama," akasema, "hapa ni vizuri. Ni vizuri sana." Nilimwambia asante, ingawa ningeshangaa kama angesema kingine. Kwa heshima nikachukua gobele safi, nikamchotea, nikampa.

Akapokea, akashukuru. Akanitazama. Akayapuliza maziwa. Akasema mvua za mwaka huu zinasumbua. Akatazama mdomo wangu, akapuliza tena.

Mama yangu! Nikaelewa. Mtu aliyetuletea amri alikuwa anangoja nionje.

Benchi zima lilikuwa limeshaona. Nikionja, nimevunja amri mbele ya mwenye amri, na mahali pangu panaondoka. Nisipoonja, ataiweka chini, na Bunia nzima itasikia kwamba chefu wa usafi mwenyewe amekataa maziwa ya mama wa Butembo. Ningeweza kumwambia achague gobele na kuchota mwenyewe kama wengine. Lakini chefu si mmotari wa kuamrishwa mbele ya maajenti wake, na nikiwa bado napima namna ya kumwambia, alishachoka kungoja. Mkono wake ukaanza kushuka kuelekea mezani, na gobele imejaa.

"Ngojea, chefu."

Mama wa samaki alikuwa amevuka njia. Akaenda kwenye robine, akanawa kwa sabuni, bila haraka, akajipangusa kwa kitenge chake. Akanyosha mkono, akaitoa gobele mkononi mwa chefu, akanywa mpaka mwisho bila kupumzika.

"Amri inakataza muuzaji kuonja," akasema. "Mimi siko muuzaji wa maziwa. Huyu mama, nakunywa kwake tangu alifika hapa. Angalia huu mwili! Kama iko sumu, basi ni ya kunenepesha."

Hata maajenti walicheka. Chefu alicheka pia, kwa haya, akachukua mwenyewe gobele nyingine kwenye sinia, nikamchotea. Alikunywa yote, akasema ni tamu, akaondoka na watu wake kwenda kwa jirani wa mandazi, ambaye nilimsikia akificha sashe.

Mama wa samaki akaketi benchini.

"Leo unakunywa mbele ya watu," nikamwambia. "Na siku ile ulinikatalia juu ya nini? Ulifikiri nitakuua?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.

"Kuniua? Weye? Bokilo, mutu anakuonjea kila asubuhi, siku moja anaacha, anakupa tu gobele kama mupita njia. Utawaza nini? Niliwaza umenichoka. Nikasema, aya, sitamusumbua. Nikangojea ukuye kuniita. Ukaita wamotari."

Siku zote hizo nilikuwa nimekaa upande wangu wa njia nikidhani mimi ndiye niliyekataliwa. Nilichukua gobele, nikaijaza kwa mkono wangu, nikampa. Akaipokea huku anatazama mawingu, akilalamika kwamba mvua itamlowanishia samaki, akanywa bila kuangalia ndani.