Nililiandika Sikio Lake Kuwa Redio

Mhariri, nifichie jina langu, chonde chonde. Nina umri wa miaka ishirini na tisa, Mwislamu, mzaliwa wa Mbeya, karani wa forodha. Baada ya wiki tatu, siku ya Ijumaa, ninafunga ndoa na binti ninayempenda, lakini badala ya kunenepa kwa furaha ninakonda mpaka mama ananiuliza kama nimerogwa.

Kazi yangu ni kufungua mizigo inayotoka Rhodesia ya Kaskazini kupitia Tunduma, kisha kutafuta katika kitabu cha ushuru kila kitu kinaitwaje, maana jina ndilo linaloamua mtu atozwe au aachwe. Redio ina ushuru mkubwa na leseni juu yake. Tochi ni nafuu. Basi redio za betri zilipoanza kupendwa huku kwetu, wafanyabiashara wakawa wanazifungua vipande vipande: kisanduku ndani ya nguo, mawe ya betri kwenye mzigo wa tochi, vile vitaa vya kioo vya redio ndani ya unga. Mzigo mmoja wa namna hiyo ulinipita, na bwana mkubwa alinitukana mbele ya makuli wote. "Ukirudia, utakwenda kulima mpunga Ubaruku!" Nikaapa sidanganywi tena na mtu.

Mwezi haujaisha akaja mzee mmoja wa Kihesa, Iringa, mnunuzi wa mchele wa Chimala. Mdogo wake anayefanya kazi kwenye migodi ya shaba alikuwa amemtumia kifurushi. Nikakifungua. Kisanduku cha chuma cha kuenea kiganjani, waya, kidude cha kuchomeka sikioni, vitaa vitatu vya kioo, mawe mawili ya betri. Nikasema moyoni, leo nimekukamata. Nikaandika: sehemu za redio.

"Mwanangu, hiyo si redio," mzee alisema kwa upole. "Ni sikio la binti yangu. Homa ilimharibu akiwa mdogo. Daktari wa misheni anasema usikivu umebaki kidogo, na usiposaidiwa sasa utakwisha kabisa."

"Mzee," nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "sikio gani linatiwa mawe?"

Makuli wakaangua kicheko. Mzee naye akatabasamu, kwa adabu tu. Nikamwambia akalete barua ya daktari, akapanda lori kurudi Iringa, na ilikuwa masika.

Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta ushuru wa miwani. Lo! Macho yangu yakaangukia mstari mmoja: vyombo vya kuwasaidia viziwi, bila ushuru. Jamani, nilijua saa ile ile. Lakini kusahihisha karatasi kulitaka sahihi ya bwana mkubwa, naye siku zile ndiye aliyekuwa akiandika ripoti ya kunithibitisha kazini. Nikafunga kitabu. Kifurushi kikabaki stoo, mawe yake ndani, na paa la stoo yetu linavuja.

Mzee alirudi baada ya karibu miezi miwili, viatu vimejaa tope, barua ameifunga kwenye kitambaa. Nikakifungua kisanduku mbele yake. Mawe yalikuwa yamevuja, maji yake yamekula waya zote, humo ndani kila kitu kijani. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanila. Nilimwambia, "Pole sana mzee, kilifika hivi hivi. Aliyekutumia amekutumia kibovu."

Alisimama akikitazama. "Mdogo wangu amenifanyia hivi?" Tangu siku hiyo barua za mdogo wake hazifungui, na jina lake halitajwi nyumbani.

Nikaanza kwenda Kihesa kila nikipata ruhusa, nimebeba sukari na majani ya chai. Sisemi uongo, mwanzoni ilikuwa ni dhamira kunisuta, si mapenzi. Ila yule binti, nimwite Zuhura, ananitazama midomo nikizungumza, na nikisema ovyo ananigombeza, "Unatafuna muwa? Fungua mdomo, bwana!" Nikacheka, na kucheka kwenyewe ndiko kulikonimaliza. Baba yake huwaambia wageni, "Kijana huyu alitaka kunisaidia, ila mzigo ulikuja umeharibika." Nami nainamisha kichwa, wageni wanadhani ni heshima.

Mwaka jana daktari alimpima tena. Hakuna kilichobaki. Hata iletwe mashine mpya, haitamsaidia kitu.

Juzi Zuhura alinivuta kando pale uani. "Baba anakusikiliza wewe kuliko sisi," akasema. "Mwombe amsamehe baba mdogo, aje harusini. Alikuwa ananiimbia hapa," akagusa nyuma ya sikio lake. "Sauti ya mwisho ninayoikumbuka ni yake. Hata kama alileta kibovu, si alileta?"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia nitajaribu.

Nikisema kweli, ndugu wawili watapatana, baba mdogo atakuja, na mimi sitakuwa bwana harusi. Nani atamwoza binti yake kwa mtu aliyemfungia masikio stoo? Nikinyamaza, nitamwoa, na mtu asiye na kosa atakufa huko migodini akidhani kaka yake amemchukia bure. Na kila nitakapomtazama mke wangu akinisoma midomo, nitajua ni nani aliyemfanya aisome.

Nishaurini jamani, nifanye nini? Mkinitukana nitavumilia, nimestahili. Lakini andikeni upesi. Zuhura hulisoma gazeti hili kila wiki, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, maana ndiyo njia yake ya kuisikia dunia, nami humu nimebadilisha jina lake tu.