Kiti cha Nyuma ya Dereva

Enzi za utawala wa jeshi nilikuwa kondakta wa basi la Nakawa kwenda mjini. Sheria yenyewe haikuandikwa popote: kiti kile nyuma ya dereva ni cha askari. Askari asipokuwemo, kiti kinabaki kitupu, na watu wanasimama wanakitazama.

"Leo amekaa nani?" mama mmoja muuza ndizi alizoea kuuliza.

"Hewa tu, mama."

"Basi hiyo ni hewa ya serikali. Jamani, msiisukume!"

Tunacheka, lakini chini chini.

Kila asubuhi nilimpakia maalimu mmoja mzee, mtu wa madrasa, mguu wake mmoja umevimba. Siku hiyo nikamwonea huruma. "Maalimu, kaa hapa. Ndani ya basi hili mkubwa ni mimi." Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Alikataa mara mbili. Nikamshika mkono, nikamkalisha.

Kituo cha tatu akapanda askari.

"Kiti hii ya nani?"

"Yako, afande."

"Nani alipatia huyu mzee?"

Pengine angenizaba makofi. Pengine angenichukua, sijui mpaka leo. Nikasema, "Nilimkataza, afande. Amekaa kwa nguvu."

Maalimu akaniangalia, mara moja tu. Kisha akamwambia askari, "Kweli, mwanangu. Kijana alinikataza."

Akashushwa pale pale, akatiwa ndani ya gari la askari lililokuwa nyuma yetu. Dereva wangu hata shingo hakugeuza. Alikuwa anangoja kengele, na kengele ni kazi yangu. Nikaipiga, tukaondoka.

Wenzangu wakihadithia mambo ya wakati ule wanamtaja askari. Sawa, nami namtaja, yeye na waliompa bunduki, pamoja na wakubwa wetu wa mabasi waliotuamrisha tulinde kile kiti huku mama wajawazito wamesimama. Wote wana hatia. Lakini aliyemkalisha yule mzee halafu akamkana ni mimi.

Kesho yake binti wa maalimu alikuja kituoni, hajalala, macho mekundu.

"Kaka, jana baba alishukia wapi?"

"Pale anaposhukia siku zote," nikamjibu. "Nakivubo, mbele ya maduka ya nguo."

Akanishukuru. Wiki nzima nilimwona Nakivubo, anamsimamisha kila mpita njia na kumuuliza. Basi likifika pale, mimi nainama, najifanya nakata tiketi.