Kiti cha Picha

Fundi seremala, jirani yangu, ana sauti mbili. Kwa mteja hukwaruza kama msumeno: "Njoo kesho." Kwa simu ni asali tupu: "Karibuni, wapendwa wafuasi wangu!" Gundi imemgandia vidoleni, hivyo skrini huigusa kwa kidole cha mwisho, kama anayeonja chumvi. Kila asubuhi hukivuta kiti kilekile mlangoni penye mwanga, hukipuliza vumbi, hukipiga picha. Wateja walioiona picha walikuja mbio, wakarudi mikono mitupu.

"Hicho hakiuzwi. Ndicho sura yangu mtandaoni."

"Baba watoto," mkewe alimwuliza mbele yangu, "katika hao maelfu wanaokupenda, yupo hata mmoja aliyeketi?"

Fundi akashika mkono wa kiti kama mkono wa mtoto. Nikaona mwanya. "Niuzie mimi, ndugu yangu, nawe uwe unakuja kukipiga picha kwangu."

Akang'aa uso, bei akaishusha mwenyewe. Nilibeba kiti nikicheka moyoni.

Sasa kila asubuhi, chai ikiwa bado mdomoni, nasikia hodi. "Jirani, inuka kidogo. Wapendwa wanasubiri."

Nami huinuka.