Mtani aliyekwenda Mzenga kufunga faili la marehemu

Saa mbili asubuhi, kijijini Mzenga, wilayani Kisarawe. Mashine ya kusaga inanguruma, vumbi la unga limejaa mlangoni, na Marselina Luhende amekaa juu ya gunia la mahindi akisubiri izimwe. Kazi yake ni ya maneno, na hapa neno halisikiki.

Mama huyu wa miaka 51 anaishi Mailimoja, Kibaha. Huzunguka kuwaelewesha wenye biashara ndogo mambo ya kodi ya mapato: namna ya kupeleka makadirio, risiti ipi itunzwe, kipi mtu anatakiwa kulipa na kipi hatakiwi. Zamani alikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Duka likafungwa, yeye akabaki na ujuzi na mkoba.

"Watu hawaogopi sana kulipa," anasema. "Wanaogopa kuuliza. Mtu anafika mpaka mlangoni pa ofisi, anaona kiyoyozi, anageuza."

Hutoza shilingi elfu tano kwa kila biashara anayoitembelea. Mwezi wa kawaida hupata kama laki mbili, na Machi, watu wanapokimbizana na makadirio, hufika hata laki nne. Nauli ya bodaboda kutoka Mlandizi inamegwa humo humo. Wengine humlipa mihogo.

"Naipokea," anasema. "Tabu ni kwamba dereva wa bodaboda haitaki."

Mashine inazimwa. Anatoka Bi Mwanamvua, mwenye nyumba, kope nyeupe kwa unga. Nyuma yake yupo mwanawe, Hamidu, anayesaga naye.

"Nyie Wanyamwezi zamani mlibeba pembe za ndovu, siku hizi mnabeba makaratasi," Bi Mwanamvua anamwanza hata kabla ya salamu.

"Na nyie Wazaramo mlikaa pembeni mnatutazama tukipita. Mpaka leo hamjainuka. Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mbeba mizigo. Karibu."

Makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaruhusiwa kusema, hata msibani, lile ambalo mtoto wa nyumba hawezi kulitamka. Ndiyo maana Hamidu amemwita.

Baba yake, Mzee Khalfani, alifariki miaka miwili iliyopita. Biashara ilisajiliwa kwa jina na namba yake ya mlipakodi, na haijabadilishwa. Kodi inaendelea kukadiriwa shilingi laki mbili na nusu kwa mwaka, kama enzi za mashine mbili. Leo inasaga moja. Ya pili kuku ametagia ndani yake.

Mwaka huu awamu mbili za kodi hiyo zimewashinda kulipa. Zikizidi, Hamidu anasema, itabidi wauze hii mashine inayowalisha.

Kila akimweleza mama yake, jibu ni hilo hilo: "Baba yenu nimemzika mara moja. Simziki tena kwenye karatasi."

Marselina anavua viatu, anakaa mkekani. Anauliza hali ya shamba, anauliza wajukuu. Kisha anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Bi mkubwa, Mzenga nzima nimetafuta tajiri kama mumeo sijamwona. Yupo kaburini na bado analipa kodi. Ama mwacheni alale, au mwamsheni aje asage mwenyewe."

Hamidu anainamisha kichwa. Bi Mwanamvua anamkazia macho mgeni wake, halafu anaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Ni kicheko. Machozi yanapita kwenye unga.

"Mshenzi wewe! Angekusikia angekutimua na mchi."

"Na ningekimbia. Wabeba mizigo tuna miguu."

"Na kibao cha pale mlangoni je? Kimeandikwa jina lake."

"Kibao ni chenu, hakuna anayekigusa. Kinachofungwa ni namba. Biashara ikipungua au mwenyewe akifa, mseme. Msiposema, kule ofisini inaonekana iko vile vile."

Anawaeleza taratibu. Kwanza mahakama ya mwanzo, wapate barua ya usimamizi wa mirathi. Kisha ofisi ya kodi, na cheti cha kifo, wafunge namba ya zamani na kufungua mpya. Kuanzia leo waandike mauzo ya kila siku, kwa sababu asiye na kumbukumbu hupigiwa kiwango cha jumla. Na hela ya mboga isichotwe kwenye kopo la mashine bila kuandikwa.

"Na hizo awamu mbili?" Hamidu anauliza.

"Hapo siahidi kitu. Tutaeleza hali ilivyo, wenyewe wataamua."

Akiulizwa anataka nini mbele ya safari, Marselina anasema ni chumba kimoja Mlandizi, chenye benchi nje. "Watu wa Gwata na wa huku wanikute hapo kabla mambo hayajaharibika. Nimechoka kuitwa kama zimamoto."

Anatoa kalamu. Namba mpya iwe ya nani? Hamidu anaanza kutaja majina yake matatu.

"Wewe kila wiki unaaga unakwenda Dar," mama yake anamkatiza. "Anayelala na mashine hii ni mimi. Andika Mwanamvua."

Marselina anaandika. Bi Mwanamvua anainuka, anajikung'uta unga, anageuka mlangoni.

"Na mimi nikifa?"

"Nitakuja kukutania, bi mkubwa."

"Basi usingoje miaka miwili," anasema, na kwenda kuwasha mashine.