Alama ya Pasi Iliyoishia Kitovuni

Dobi yule hakuogopa moto. Mikono yake ilijaa makovu ya pasi, na hakuna hata moja lililowahi kumliza. Alichoogopa ni kimoja tu: figo aliyopewa na mdogo wake isije ikamharibikia. Kila asubuhi alimeza vidonge vya kuutuliza mwili usiikatae, na mdogo wake, waliyefanya kazi naye duka moja, alimtania, "Dada, itunze. Sikuazimi nyingine."

Kwa hiyo tumbo lilipoanza kumkata, alifunga mdomo, asije akaambiwa figo imeharibika. Maumivu yalimchoma upande wa kushoto yakazunguka hadi mgongoni. Akapiga pasi ameuma meno. Malengelenge yalipotokea ubavuni, akajiambia ameegemea pasi ya moto bila kujua, kama kawaida yake. Akayafunika kwa kitambaa safi, akarudi kwenye mashuka ya watu. Tumbo likavimba likawa gumu kama ngoma. Choo hakuna, upepo hautoki, maji akinywa yanarudi. Mwisho alianguka juu ya kapu la nguo, na siri yake ikaishia hapo.

Hospitalini walimpitishia mpira puani. Daktari wa upasuaji aliliwekea tumbo stetoskopu, akasikiliza, asisikie kitu. Akasema huenda utumbo umeziba, itabidi wapasue. Dobi akamshika mdogo wake mkono, akamwomba radhi kwa figo yake iliyokwenda na maji.

Muuguzi aliyekuja kumwandaa kwa upasuaji ndiye aliyekifunua kile kitambaa.

"Na hii nini, mama?"

"Pasi tu, mwanangu."

Daktari akainama. Malengelenge yalianzia uti wa mgongo, yakafuata ubavu, yakafika kitovuni na kukatika hapo hapo, kana kwamba yamechorewa mpaka. Upande wa kulia, hata doa hakuna.

"Pasi gani inayojua katikati ya mtu?" akasema taratibu. "Huu ni mkanda wa jeshi. Nadhani umeingia hadi kwenye utumbo. Hatupasui kwanza."

Akawaeleza. Tetekuwanga ya utotoni haikuwahi kuondoka. Ilijificha kwenye mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo. Dobi akakua, akaolewa, akazaa, akazika mume, yenyewe imelala tu. Vidonge vya figo vilipowalegeza walinzi wa mwili, ikaamka. Ikatokeza kwenye ngozi, na ndani ikauzimisha utumbo. Figo ilikuwa nzima kabisa.

Mdogo wake alikumbuka kitanda walicholala pamoja mchana mzima wakijikuna tetekuwanga, mama akiwapiga vikofi mikononi waache. Kumbe mchana ule dada yake alikuwa ameubeba mgongoni maisha yake yote.

Dobi alihamishiwa chumba cha peke yake, akatundikiwa dawa ya virusi, vidonge vya figo vikapunguzwa. Ndipo wakaanza kungoja upepo utoke, upepo wa mwanamke aliyewahi kumfukuza mdogo wake dukani kwa kosa la kuutoa.

Asubuhi moja daktari, stetoskopu masikioni, aliinua mkono wanyamaze. Kwa mbali, kama mtu anayesogeza viti chumba cha juu, utumbo ulikuwa unanguruma. Kisha upepo ukatoka, mrefu, bila haya.

Dobi akajifunika uso kwa shuka. Mdogo wake alisimama wima kama mtu aliyeitwa jina, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyefungua dirisha.